Jiko la kuni na ukuta wa mbao: pima kwanza

Mimi ni seremala, Njombe. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku haina utani, na kila mwaka kuna anayepiga simu: "Fundi, njoo utoboe dari, jiko limeshafika." Jiko lenyewe limechomelewa mtaani, chuma kizito, mlango mbele, bomba juu. Kwa kuni chache za miti ya miwati linapasha sebule nzima. Tatizo ni mwenye nyumba kulibana ukutani ili kochi lienee.

Kabla ya kutoboa chochote natoa tepu. Jiko la mtaani halina kibandiko cha kiwanda cha kukuambia likae wapi, kwa hiyo natumia kipimo cha Wamarekani kwa majiko ya aina hiyo: inchi 36, yaani sentimita 91, kutoka kwenye jiko hadi kitu chochote kinachoweza kuungua. Bomba la bati la ukuta mmoja nalo liwe mbali kwa sentimita 46. Na "kinachoweza kuungua" ni pamoja na ukuta wa mbao uliofunikwa jipsamu au vigae. Hapo ndipo watu hunibishia.

Siwalaumu, maana hata mimi niliwahi kukosea. Nyumbani kwa mama mkwe nilibandika vigae juu ya ukuta wa mpaini, nikaweka jiko sentimita 40 tu. Msimu wa pili akalalamika kuna harufu kama ya mkate ulioungua. Nilipobandua vigae viwili, ubao nyuma yake ulikuwa umekolea weusi, unavunjika kwa kucha. Kigae hakizuii joto, kinalipitisha tu. Ubao ukipikwa hivyo polepole, mwaka baada ya mwaka, unakaribia kuwa mkaa, na siku moja unashika moto kwa joto ambalo ubao mzima usingelijali. Mama mkwe aliniangalia, akasema, "Mkwe wangu, na wewe ndiye fundi?"

Kama chumba ni kidogo, weka ngao. Wengi hukimbilia tofali, lakini ukuta wa tofali uliogandana na mbao unakushusha kutoka 91 hadi 61 tu. Bati la geji 24 lililoachiwa mwanya wa sentimita 2.5 nyuma yake linakushusha hadi 30. Siri ni hewa: ya baridi inaingia chini, inapata joto, inatokea juu, na ukuta unabaki umepoa. Basi usizibe chini wala juu, acha wazi sentimita 2.5 kote kuwili. Ili bati lisiguse ukuta, mimi hukata vipande vya bomba la chuma la nusu inchi kwa urefu huohuo, naviweka kati ya bati na ukuta, napitisha skrubu ndefu katikati, na kamwe siviweki usawa wa jiko lenyewe, maana skrubu nayo hupeleka joto. Bati lizidi jiko kwa sentimita 46 kila upande na 50 kwenda juu.

Sakafu ya saruji haina neno. Ya mbao itandikie tofali na bati juu yake, na mbele ya mlango kinga ifike sentimita 46, maana kuni za mlingoti (mkaratusi) hurusha cheche.

Darini sikubali mjadala. Bomba la ukuta mmoja halipiti kwenye dari ya mbao. Hapo pawe na bomba la kuta mbili lenye sufu ya madini ya kuzuia joto katikati, na mbao zikae sentimita 5 mbali nalo. Nafasi hiyo usiijaze chochote. Nimewahi kukuta mtu kaijaza maranda! Juu ya paa bomba lipande sentimita 90, na lizidi kwa 60 chochote kilicho ndani ya mita 3, la sivyo upepo utakurudishia moshi ndani.

Ukimaliza, washa moto mkubwa kwa saa mbili, kisha shika ukuta nyuma ya ngao. Mkono usipovumilia, sogeza jiko mbali zaidi na ukuta.

Mama mkwe alikubali yote isipokuwa kamba yake ya kuanikia vitenge juu ya jiko. Tumeihamishia upande wa dirishani, mita moja na nusu, na bado ananilaumu kwamba havikauki.