Pasipoti na cheti cha chanjo: kagua kabla ya kukata tiketi

Fungua pasipoti uone inaisha lini. Nchi nyingi hudai iwe na angalau miezi 6 mbele; baadhi huhesabu tangu siku unayoingia, nyingine tangu siku unayotoka. Ikipungua, shirika la ndege linaweza kukukatalia kupanda hata kama viza unayo, kwa kuwa likikubeba bila hati kamili hutozwa faini na kulazimika kukurudisha. Kurasa tupu ziwe mbili au zaidi.

Kinachowaponza wengi ni homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo kuchanjwa wiki ya safari ni kuchelewa. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo usichanjwe tena eti kwa sababu miaka 10 imepita. Nchi nyingine hukidai hata kwa aliyeunganisha ndege kwa zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye ugonjwa huo.

Ukigongewa muhuri wa kuingia nchini, usome papo hapo kwenye dirisha la uhamiaji: siku ulizopewa zinaweza kuwa chache kuliko ulizoomba, na kosa ni rahisi kurekebishwa kabla hujaondoka hapo. Nakala ya pasipoti ikae begi tofauti na pasipoti yenyewe.