Somo: Kuuza nyimbo zako bila kufuli

Kufuli ninayosema ni ile programu inayoufunga wimbo usichezwe ila kwenye kifaa kilichoruhusiwa. Niliwahi kununua nyimbo za namna hiyo. Simu ikafa, nyimbo zikafa nayo, na hela sikurudishiwa. Hata iTunes, duka la nyimbo la Apple, iliachana na kufuli kwenye nyimbo: kampuni ya rekodi ya EMI ilikubali 2007, na 2009 kampuni kubwa zilizobaki zikafuata.

Hatua ya 1. Dai WAV (faili ya sauti isiyobanwa) studio, usikubali MP3 (iliyobanwa) peke yake. Kutoka hiyo WAV tengeneza MP3 ya 320 kbps. Wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 40 kwa WAV, lakini MP3 haifiki 10. Mteja anayenunua bando za siku atakushukuru.

Hatua ya 2. Hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoitilia mkazo. Ndani ya faili jaza jina la wimbo, jina lako, mwaka na picha ya jalada. Kwenye nafasi ya maoni andika namba yako ya till, ile ya kupokea malipo ya M-Pesa. Wimbo ukirushwa kwa bluetooth kutoka Rongai hadi Githurai, utafika ukiwa na jina la mwenyewe na mahali pa kumlipa. (Faili inayoitwa "track01 final final" hailipwi na mtu.) Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti.

Hatua ya 3. Haki ni yako tangu wimbo urekodiwe, ila sajili KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) upate cheti, na uandikiane na produsa kabla hamjakosana.

Hatua ya 4. Mteja wa hapa alipe kwa M-Pesa, umtumie faili papo hapo. Ukichelewa saa mbili, ataipata bure kwingine. Wa ng'ambo mpeleke Bandcamp, duka la nyimbo la mtandaoni: hukata asilimia 15 ya mauzo ya dijitali na hulipa kupitia PayPal.

MASWALI

Mwalimu, mmoja akinunua si atawagawia matatu nzima?
Atawagawia, kaka. CD za River Road, Nairobi, zilibandikwa stika za kuonyesha ni halali na bado zilinakiliwa. Kufuli nayo haimzuii anayerekodi sauti ikitoka spika. Inayemsumbua ni yule aliyelipa.

Kwa hivyo nikiuza bila kufuli nimewapa ruhusa wanakili wauze?
La, dada. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakulinda vilevile. Mnunuzi amepata nakala ya kusikiliza. Kuichapa auze, au kuipiga kwenye baa, ni ruhusa nyingine.

Biti nilitoa YouTube, imeandikwa ya bure. Niuze tu?
Usiuze bado. Mara nyingi "bure" ya hao ni ya kujifurahisha, ukiingiza pesa wanadai. Mwandikie mwenyewe, akupe leseni ya maandishi, ndipo urudi hatua ya 1.