Jinsi ya kupima kama familia yako ya mwaloni (pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) itahimili ziwa likibadilika

Haya wadau, chukua daftari, anza na swali hili: ni kitu gani kikitokea leo nyie mnaumia kwanza? Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa mpaka likavuka rekodi ya 1964, sasa kama nyumba iko mita chache tu toka majini na kipato chote ni dagaa basi huo ndio udhaifu wako, uandike bila aibu. Mwezi ukiwa mpevu si unajua taa haziwavuti dagaa vizuri, kwahiyo hesabu pia hizo siku za njaa.

Pili, ustahimilivu. Angalia mara ya mwisho mlipoyumba ilichukua muda gani kurudi sawa, na mlirudi kwa kuuza nyavu au kwa akiba ya VICOBA (vile vikundi vya kuweka na kukopa)? Ukiuza nyavu hujarudi, umejichimbia shimo tu.

Tatu ndo patamu, uwezo wa kubadilika, maana mtu anaweza kuwa mstahimilivu kwa njia mbovu, kila mwaka anajenga palepale panapofurika. Jaribu kidogo kidogo: dagaa waanikwe kwenye kichanja badala ya mchangani, mmoja wenu ajifunze kazi isiyotegemea maji, muwe na sauti BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo).

Na ziwa lenyewe lipime hivyohivyo. Sangara waliletwa miaka ya 1950, furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa) wengi wakapotea, pesa zikaja ila ziwa likapungukiwa aina za samaki za kuliokoa baadae.