Namna ya kumsaidia ndugu mwenye kiwewe anaposahau na kushindwa kufikiri vizuri

Fundi cherehani aliyenusurika ajali ya basi amerudi kazini. Anampima mteja kifua, anageuka aandike, na kipimo kimekwisha kumtoka. Anapima tena, lori linapiga honi barabarani, naye anabaki ameshika futi mkononi bila kujua alikuwa amefikia wapi. Lakini harufu ya dizeli ya siku ile inamjia kila usiku bila kuitwa, hata kama hawezi kueleza kwa mpangilio nani alimtoa kwenye basi na alifikaje hospitali. Nyumbani watu huanza kunong'ona kwamba anakumbuka anachotaka.

Hajisahaulishi. Msongo wa mawazo baada ya kiwewe, ambao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa magonjwa mwaka 1980, huambatana mara nyingi na udhaifu wa kuzingatia, wa kujifunza maneno mapya na wa kushikilia mambo mawili matatu kichwani kwa wakati mmoja. Akili ya mgonjwa iko lindoni: inahesabu milango, inasikiliza hatua za watu nje, na kinachobaki kwa ajili ya maagizo yako ni kidogo. Jambo ambalo halikuzingatiwa halikuhifadhiwa, kwa hiyo kumwambia ajitahidi kulikumbuka ni kumtuma kuchota maji katika mtungi ambao haukujazwa.

Msimwambie pia kwamba ubongo wake umeliwa. Ni kweli kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhifadhi kumbukumbu, imeonekana kuwa ndogo kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2002 juu ya wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam ulionyesha kwamba, kwa wale waliopata kiwewe kikali, hata ndugu zao pacha wa kufanana, ambao hawakwenda vitani, walikuwa na hipokampasi ndogo vilevile, dalili kwamba kwa baadhi ya watu hali hiyo huenda ilikuwapo tangu awali.

Kabla ya yote, mpelekeni akapimwe, kwa sababu si kila usahaulifu unaofuata balaa unatokana na kiwewe. Aliyegongwa kichwa katika ajali hiyohiyo anaweza kuwa na jeraha la ubongo, na upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na pombe huleta hali inayofanana nayo. Mwonyesheni daktari kila dawa anayomeza, hasa diazepamu na jamii yake, ambazo wengi hupewa ili walale: zenyewe huvuruga kumbukumbu, na hazipendekezwi kuwa tiba ya kiwewe. Asiziache ghafla lakini. Zipunguzwe kwa maelekezo ya daktari.

Kisha badilisheni namna ya kusema naye. Maneno kama "ukitoka pitia kwa Mangi uchukue sukari, umuulize kama unga umefika, halafu umpitie mtoto" yanabeba kazi tatu, na atarudi na moja au mikono mitupu. Mwambie jambo moja, ukiwa mbele yake, redio ikiwa imezimwa. Mwache alirudie kwa maneno yake, kisha aliandike. Wala usimfanyie mtihani mbele ya wageni kwa kumuuliza jana alikula nini, kwani aibu humwongezea wasiwasi, na wasiwasi huzidi kumpotezea umakini.

Daftari liwe moja tu, si vikaratasi mifukoni, na likae mahali pamoja pamoja na funguo na kadi ya kliniki. Simu iwekwe kengele ya dawa na ya chungu kilicho jikoni, ila chagueni mlio wa upole, kwa sababu mlio unaofanana na king'ora utamrusha kutoka kwenye kiti na kumwachia moyo unaodunda huku maharage yakiungua. Kuhusu kiti, jaribuni jambo dogo ambalo wengi hulidharau: akifanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo, nusu ya akili yake inabaki nyuma. Mgeuzieni meza.

Usingizi unahitaji ulinzi wa pekee, kwa kuwa aliyeamshwa na jinamizi mara tatu hawezi kufikiri vyema asubuhi. Kahawa ya jioni na mirungi viachwe.

Mapengo ya siku ya tukio lenyewe yaacheni. Kumshurutisha ayakumbuke kunaweza kumrudisha palepale, na kumjazia kwa masimulizi yenu kunaweza kumpa kumbukumbu zisizo zake. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa. Katika njia mojawapo, mgonjwa hutandika kamba sakafuni iwe mstari wa maisha yake, akaweka maua penye mema na mawe penye machungu, kisha yeye na mshauri wanalisimulia kila jiwe kwa mfuatano, mahali pake na wakati wake, na masimulizi huandikwa na kusomwa tena. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, njia hiyo ilitumiwa na washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe na kupewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Dalili zikipungua, wengi huona umakini nao unarejea, japo polepole.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, msisubiri. Akizungumzia kujiua, akichanganyikiwa ghafla, au kichwa kikimuuma zaidi kila siku huku akitapika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Chukueni na lile daftari: kurasa za wiki mbili, zenye saa alizolala, alichosahau na kilichotokea dakika chache kabla, zitamweleza daktari mengi ambayo mgonjwa akiwa mbele yake hatayakumbuka.