Somo: Kuomba kazi Tanzania ukiwa na ulemavu, tangu kufungua akaunti hadi chumba cha usaili

Somo hili ni la mtu mwenye uoni hafifu, asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa viungo au wa aina nyingine, ambaye ana sifa za kazi na anataka kushindana kwa sifa hizo. Wengi hawaanguki kwa kukosa elimu. Wanaangukia kwenye jina lisilofanana na la cheti, faili lisilofunguka, au mahitaji yaliyotajwa asubuhi ya usaili wakati hakuna anayeweza tena kuyatimiza. Kwa hiyo kubwa hapa ni hili: sema mapema unachohitaji, kwa maandishi, na kwa vipimo.

Hatua ya 1. Ijue sheria, lakini usiitangulize

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Kampuni ya watu 100 ni watu 3, ya watu 400 ni 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Usiianze barua yako na asilimia 3. Barua inayofungua kwa sheria husomwa kama malalamiko kabla msomaji hajajua wewe ni mhasibu au fundi umeme. Sheria iweke akiba kwa siku utakayokataliwa isivyo haki.

Hatua ya 2. Linganisha majina kabla ya kugusa kompyuta

Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha chuo. Soma jina herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya mfumo. Kama majina yanatofautiana, tengeneza kwa wakili hati ya kisheria ya majina, ile inayoitwa didipoli, kisha uisajili. Siku ya usaili wenye majina tofauti hudaiwa hati iliyosajiliwa, na kiapo cha kawaida kinaweza kukurudisha nyumbani.

Kwa ajira za Serikali, hati za muda za matokeo na barua za kumaliza shule hazipokelewi. Vinatakiwa vyeti vyenyewe. Uliyesoma nje ya nchi peleka cheti cha chuo kikuu kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), cha stashahada kwa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) na cha sekondari kwa Baraza la Mitihani (NECTA) kwa uhakiki. Usisubiri tangazo, kwa sababu matangazo mengi hukaa wazi wiki mbili tu.

Hatua ya 3. Akaunti ya Ajira Portal

Ajira nyingi za Serikali hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unajisajili kwa namba ya NIDA na barua pepe. Tumia barua pepe yako mwenyewe, siyo ya kijana wa stationery aliyekusaidia: nywila ikipotea akaunti nayo imepotea, na taarifa za usaili zitaingia kwake.

Jaza kila sehemu, hasa hizi tatu.

Sehemu ya ulemavu usiiruke. Matangazo ya Sekretarieti huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na huwataka waainishe hali yao ndani ya mfumo. Usipoainisha, waandaaji wa usaili hawajui kwamba unahitaji karatasi ya herufi kubwa au mkalimani.

Wadhamini wawe watatu, wanaopokea simu na wanaokujua kikazi au kimasomo. Waulize kwanza.

Skani nyaraka kwa rangi ya kijivu, dpi 150, uhifadhi kama PDF. Picha iliyopigwa kwa simu huwa nzito, mfumo huikataa, au huonekana imepinda na mhuri hausomeki. Yape mafaili majina yanayoeleweka: "Cheti_Kidato_4.pdf", siyo "IMG_0937". Kwa asiyeona hili ni muhimu mara mbili, kwani NVDA, programu inayomsomea asiyeona skrini kwa sauti, husoma jina la faili lakini haisomi yenyewe maandishi yaliyo ndani ya picha. Muombe mtu anayeona akague kila faili mara moja kabla ya kulipandisha: limesimama wima, halikukatwa pembeni, na ni cheti sahihi.

Mwisho barua ya maombi: Kiswahili au Kiingereza, iwe na saini, ielekezwe kwa anuani iliyo kwenye tangazo. Barua isiyo na saini ni kosa linalojirudia mno kwa wasioona, maana ikishaandikwa kwenye kompyuta hupandishwa hivyo hivyo. Ichapishe, iweke saini, iskani.

Hatua ya 4. CV

Kurasa mbili zinatosha kwa mwenye uzoefu usiozidi miaka mitano. Ulemavu hauna lazima ya kuwekwa kwenye CV. Uweke pale tu unapoeleza uwezo: "Natumia kompyuta kwa programu ya NVDA, naandaa jedwali la Excel na barua bila msaidizi." Sentensi hiyo moja inajibu swali ambalo mwajiri anaogopa kuuliza. Kiziwi aandike: "Natumia Lugha ya Alama ya Tanzania, mawasiliano ya kazi kwa ujumbe wa simu na barua pepe." Acha maneno kama "licha ya hali yangu" au "naomba mnifikirie". Yanamfanya msomaji akuonee huruma, na huruma haijazi nafasi ya kazi.

Hatua ya 5. Ukiitwa usaili, andika siku hiyo hiyo

Watu wengi hukosea hapa. Kuainisha ulemavu kwenye mfumo hakutoshi, kwa sababu neno "uoni hafifu" halimwambii mwandaaji achape herufi za ukubwa gani. Tuma barua pepe, kisha piga simu kuhakikisha imesomwa. Mfano:

"Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Daraja la II, tarehe fulani, kituo fulani. Nina uoni hafifu. Naomba mtihani wangu uchapishwe kwa fonti ya ukubwa wa 24, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Nikae nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Na niongezewe dakika 20 kwa kila saa. Naomba kufahamishwa kama maombi haya yamepokelewa."

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu pia, kwa hiyo barua hiyo inamfaa karibu yote.

Asiyeona ataje kama anataka nukta nundu, kompyuta, au msomaji na mwandishi. Usaili wa mchujo ukiwa wa kompyuta, uliza kama NVDA imewekwa. Programu hiyo ni ya bure na ina toleo la kubebeka linalofunguka kutoka kwenye flash, ila omba kibali mapema. Msimamizi hawezi kuruhusu flash ya mtahiniwa mlangoni.

Kiziwi aombe mkalimani, na amkatae ndugu au rafiki hata kama yupo bure. Ndugu hufupisha, hujibu kwa niaba yako, na jopo hubaki na shaka jibu lilikuwa la nani. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ni mahali pa kuanzia kumtafuta mkalimani. Kutana naye nusu saa kabla, mkubaliane alama za maneno ya fani: "mizania", "ukaguzi", "zabuni". Maneno hayo yakitamkwa herufi kwa herufi kwa vidole, muda unakwisha. Mkalimani akae kando ya mwenyekiti wa jopo, siyo kando yako, ili macho yako yaelekee upande mmoja. Na katika mtihani wa kuandika, omba maelekezo ya mdomo ya msimamizi yatafsiriwe pia.

Mwenye kiti mwendo apime upana wake kwa futi kamba, mpini hadi mpini, kisha aulize upana wa mlango wa ukumbi na wa choo. "Tuna njia ya viti mwendo" haitoshi kama choo kina mlango wa sentimita 60.

Hatua ya 6. Siku yenyewe

Beba vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, cha mkazi, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, au barua ya Serikali ya Mtaa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba pia nakala iliyochapishwa ya barua pepe yako ya mahitaji.

Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukapangiwa baadaye. Usibadilishe namba ya simu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mbeya: Nina kifafa, hakionekani. Nikiandika si nitaachwa?*
Ndugu, jiulize maswali mawili. Je, unahitaji mpangilio wowote ili ufanye kazi au usaili vizuri? Je, kazi ina hatari ukipata degedege: udereva, kupanda nguzo, mashine zinazozunguka? Kama moja ni ndiyo, sema. Kama zote ni hapana, mfano kazi ya kuingiza takwimu, hakuna ulazima wa kusema kwenye maombi. Ukishaajiriwa, mwambie angalau mtu mmoja jirani nini kifanyike ukianguka.

*Mwanachama, Tanga: Kampuni binafsi iliniambia usoni "hatuchukui viziwi". Nifanyeje?*
Pole sana. Andika leo: tarehe, saa, jina na cheo cha aliyesema, nani alisikia. Hifadhi tangazo na ujumbe wote. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, kwa kujaza fomu namba 1. Ukionesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Ila anaweza kujitetea kwamba sifa ile ni ya lazima kwa asili ya kazi, kwa hiyo ambatisha orodha ya majukumu yaliyotangazwa na ueleze kila moja ungelifanyaje. Pitia CHAVITA au SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, kwanza. Chama kikikusindikiza, fomu hujazwa vizuri zaidi.

*Mwanachama, Dodoma: Kuna mtu anadai laki moja na nusu aniingize kwenye orodha ya wenye ulemavu.*
Ni tapeli, dada. Kuomba ajira ya Serikali hakuna ada, na orodha ya kulipia haipo. Usimpe hata namba ya NIDA. Mripoti polisi pamoja na namba yake ya simu.

*Mwanachama, Mombasa: Na sisi wa Kenya?*
Anza kwa kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inalenga asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Ukipata kazi, omba KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, cheti cha msamaha wa kodi ya mapato, unaohusu shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi. Msamaha hauji wenyewe, na kila mwezi unaochelewa kuomba unakatwa kodi.

*Mwanachama, Temeke: Sina chuo, nina darasa la saba na mguu mmoja. Somo hili linanihusu?*
Linakuhusu, kaka, ila anza kwingine. Ulizia Chuo cha Ufundi Stadi na Marekebisho Yombo, hapo hapo wilayani kwako, kinachofundisha watu wenye ulemavu. Ukishapata ufundi na ukataka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Nenda na kitambulisho pamoja na bei za vifaa ulizoziuliza dukani, zimeandikwa kimoja kimoja.