Plagini yako (programu-jalizi ya tovuti) ina milango mingapi ya kupakia faili?

Jumamosi moja, saa moja asubuhi, mhasibu wa shule ninayoihudumia alinipigia: "Fundi, tovuti yetu inacheza kamari." Mzazi akibofya matokeo ya mtihani, anaangukia kwenye ukurasa wa kubeti. Nikaingia kwenye seva. Ndani ya folda ya uploads, katikati ya picha za stakabadhi za ada, kulikuwa na faili inaitwa risiti.php, yaani programu ambayo seva inaweza kuiendesha, si picha. Ilipitia plagini ya WordPress, mfumo unaoendesha tovuti hiyo, niliyoiandika kwa mkono wangu.

Kilichoniuma ni kwamba tundu lile nilikuwa nimeshaliziba miezi minne nyuma. Nililiziba kwenye fomu ya stakabadhi. Msimbo uleule nilikuwa nimeunakili pia kwenye fomu ya picha ya mwanafunzi na fomu ya barua ya ruhusa, na hizo mbili nikazisahau. Kwa hiyo kabla sijakwambia lolote kuhusu ulinzi, nakuomba uhesabu, kwa amri hii inayotafuta kila sehemu ya msimbo inayogusa faili linalopakiwa:

```
grep -rnE 'move_uploaded_file|wp_handle_upload|_FILES' wp-content/plugins/plagini-yako/
```

Kila sehemu inayotokea hapo ni mlango. Mimi nilikuwa na mitatu, sasa nina mmoja: funksheni moja inayopokea faili, na fomu zote zinaiita hiyo. Nikirekebisha, nimerekebisha kote.

Usiishie kwenye msimbo wako tu, pekua pia maktaba za watu (misimbo iliyoandikwa na wengine) ulizozibeba ndani ya plagini. Septemba 2020 plagini ya WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilivamiwa kwa sababu ya faili la mfano lililokuja na maktaba ya elFinder. Faili hilo lilikuwa limebadilishwa kiendelezi (herufi za mwisho wa jina) likawa .php, basi mtu yeyote duniani aliweza kuliita moja kwa moja na kupakia anachotaka bila kuingia kwa nywila. Toleo la 6.9 ndilo lililoliondoa. Mifano, majaribio, demo: futa kabla hujasambaza.

Ukishabaki na mlango mmoja, swali la kwanza ni nani anapita. Hapa kuna mtego ulioniponza: funksheni ya WordPress iitwayo is_admin. Ukilisoma jina lake utadhani inauliza kama mtu ni msimamizi. Hapana. Inauliza kama ombi limekuja kwa upande wa dashibodi, na admin-ajax.php, faili linalopokea maombi ya chinichini ya WordPress, inahesabiwa kuwa upande huo. Mtu asiyeingia kabisa akituma ombi pale, is_admin inajibu ndiyo. Ruhusa inaulizwa kwa current_user_can. Nonsi nayo, ile tiketi ambayo WordPress inaipachika kwenye fomu, inathibitisha tu kwamba ombi limetoka kwenye fomu yako. Haikuambii kama mwenye kulituma anaruhusiwa. Unahitaji zote mbili.

Wazazi wangu wana akaunti za ngazi ya chini kabisa, ambazo hazina uwezo wa upload_files. Nilishawishika kuwapandisha daraja. Usifanye hivyo, tengeneza uwezo wako mwenyewe kwa add_cap, uwape huo peke yake. Na kama una ndoano ya wp_ajax_nopriv, inayopokea maombi ya watu wasioingia kwenye akaunti, kwenye upakiaji na huikumbuki sababu yake, ifute leo.

Swali la pili, ni faili gani. Thamani iliyo kwenye $_FILES['stakabadhi']['type'], yaani aina ya faili, inaandikwa na mtumaji. Mwenye curl, programu ya kutuma maombi kwa seva kwa amri, anaweza kuandika image/jpeg juu ya chochote. Hata getimagesize, funksheni ya PHP inayosoma vipimo vya picha, isikulaze usingizi: picha halali kabisa inaweza kubeba msimbo wa PHP kwenye sehemu yake ya maelezo na ikapita ukaguzi. Kinachoufanya msimbo huo ufanye kazi ni seva kuliona faili kama .php. Kwa hiyo kiendelezi na yaliyomo vikaguliwe pamoja, na jina alilolipa mtumaji lisitumike. WordPress yenyewe ina funksheni ya kazi hii, wp_handle_upload. Mimi niliandika ya kwangu kwa kiburi cha ujana.

```
require_once ABSPATH . 'wp-admin/includes/file.php';

function shule_pokea_faili( $faili ) {
    if ( ! current_user_can( 'pakia_stakabadhi' ) ) {
        return new WP_Error( 'ruhusa', 'Huna ruhusa ya kupakia.' );
    }
    $jibu = wp_handle_upload( $faili, array(
        'test_form' => false,
        'mimes'     => array(
            'jpg|jpeg' => 'image/jpeg',
            'png'      => 'image/png',
            'pdf'      => 'application/pdf',
        ),
        'unique_filename_callback' => 'shule_jina_jipya',
    ) );
    if ( isset( $jibu['error'] ) ) {
        return new WP_Error( 'faili', $jibu['error'] );
    }
    return $jibu['file'];
}

function shule_jina_jipya( $folda, $jina, $kiendelezi ) {
    return wp_generate_uuid4() . $kiendelezi;
}
```

Nonsi ikaguliwe kabla ya kuiita funksheni hii. SVG, aina nyingine ya picha, sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi: ni maandishi, na inaweza kubeba JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa kwenye kivinjari.

Kuna kero moja iliyonipotezea siku mbili. PHP isipoguswa inakubali faili la MB 2 na ombi zima la MB 8. Picha ya simu ikizidisha hiyo 8, $_POST (majibu ya fomu) na $_FILES (mafaili yake) zote zinafika tupu, nonsi ikiwa imepotelea humo humo. Mzazi anaambiwa fomu imeisha muda, anajaribu tena, anaambiwa vilevile, halafu anampigia mhasibu. Mwanzo kabisa angalia kama CONTENT_LENGTH, ukubwa wa ombi, ni kubwa kuliko sifuri huku $_POST ikiwa tupu, umwambie wazi: picha yako ni kubwa mno.

Halafu pa kuhifadhi. Stakabadhi ya benki ina jina la mtu na akaunti yake, haifai kukaa mahali ambapo mwenye kiungo yeyote anaifungua. Ikishapokelewa, ihamishie folda iliyo nje ya public_html (folda inayofunguka mtandaoni), na itolewe na msimbo unaouliza ruhusa kwanza. Yanayobaki uploads, kataza PHP isiendeshwe humo. Kama seva yako inaendeshwa na programu ya Apache, faili la mipangilio la .htaccess linatosha; programu ya nginx hailisomi kabisa, ni lazima mwenye seva aandike katazo kwenye mipangilio yake.

Mwisho jaribu kujivunjia mwenyewe. Pakia faili la PHP ulilolipa jina la picha.jpg. Pakia picha ya kweli uliyoipa jina la picha.php. Pakia picha ya MB 12. Kisha toka kwenye akaunti, utume ombi lilelile kwa curl. Zote nne zikataliwe, kila moja kwa ujumbe unaoeleweka.

Mimi sasa nina amri hii kwenye cron, ratiba ya seva inayojiendesha yenyewe, kila Jumatatu:

```
find wp-content/uploads -name '*.php'
```

Ikikuletea index.php ya plagini fulani usishtuke, nyingi huwekwa tupu ili folda isiorodheshwe. Ila ifungue uisome kwanza.