Kabla hujanunua tairi, sikiliza beringi

Nabeba mchele kutoka Bahi kuleta Majengo, Dodoma mjini, kwa Probox, mara tatu kwa wiki. Kuna masika gari lilianza kuvuma kama mashine ya kukoboa inayosikika kwa mbali. Fundi mmoja akasema tairi zimelika vibaya, nikanunua mbili mpya. Hela ikaenda, mlio ukabaki. Kumbe ni beringi ya mbele kulia, kile chuma chenye gololi ndani kinacholizungusha gurudumu kwa ulaini. Tangu siku hiyo napima mwenyewe kabla sijafungua pindo la kanga.

Anza na sikio. Pandisha vioo, zima redio na feni. Barabara ya Singida ukishaiacha Nkuhungu inafaa, imenyooka. Mvumo wa beringi hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini ikashusha sauti lakini mvumo ukaendelea kufuata mwendo wa gari, injini haina kosa. Tairi nayo huvuma, ila hubadili sauti ukitoka lami chakavu kuingia lami laini. Beringi haichagui lami.

Kisha ngoja kona ndefu. Ukikata kushoto, uzito unalalia tairi za kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku kulia. Yangu ilikuwa hivyo hivyo: nikikata kushoto inalia, nikikata kulia inanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Si mara zote inakuwa wazi namna hiyo, ndiyo maana kuna jeki.

Egesha pasipo mteremko, zuia tairi za nyuma kwa mawe, vuta hendibreki, gia iwe fri. Inua mbele, weka stendi, na usiingie chini ya gari. Shika tairi juu na chini, sukuma huku ukivuta. Likicheza, mwite mtu akanyage breki. Mimi namwita binti yangu. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, angalia boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini. Ukilishika pembeni likacheza kushoto na kulia tu, angalia tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza tairi.

Lakini wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapodanganyika. Yangu haikucheza hata kidogo. Weka kiganja kwenye springi, na kwa mkono mwingine zungusha tairi taratibu. Beringi nzima inateleza kimya. Yangu ilinijia mkononi kama ninapeta mchele wenye mawe: kakara, kakara, kila mzunguko. Linganisha na upande wa pili, mkono utakwambia.

Kilichoiua nadhani ni maji. Masika navuka madimbwi ya njia za mashambani nikiwa na gunia nyuma. Beringi yenye moto ikiingia kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili, ule mpira wa kuzuia maji, grisi inaharibika.

Mvumo ukishageuka kukwaruza, au usukani ukaanza kutetemeka, usisafiri tena. Beringi ikiachia kabisa, tairi linaweza kuchomoka.

Kwa fundi, uliza kwanza kama ana presi, mashine ya kukandamiza beringi iingie mahali pake. Akianza kuigonga beringi mpya kwa nyundo, chukua gari lako, kaka, atakuwa ameiua kabla haijatembea. Gari lako likiwa na ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki, na beringi yake ni ya sumaku, mwambie aangalie upande wenye sumaku kabla ya kuibana, maana ikigeuzwa taa ya ABS itawaka na kazi itaanza upya. Halafu omba ile ya zamani uizungushe kidoleni. Yangu ilikuwa na maji ya kutu ndani.